Kona ya Kompyuta: Ryzen au Core?

Wanachama wenzetu, swali limerudi tena: ukijiundia kompyuta hapa Johannesburg kwa hela ya mwanafunzi, ununue AMD Ryzen 5 5600 au Intel Core i5-12400?

Zote mbili zilitoka mwaka 2022, na kwa kasi ni kama pacha: kila moja ina viini 6, nyuzi 12, na hufika GHz 4.4. Kumbukumbu ya L3 iliyo ndani ya Ryzen ni MB 32, ya Core ni MB 18. Hilo husaidia kwenye gemu. Ukiandika insha hutaona tofauti.

Tofauti kubwa iko kwenye picha. Core i5-12400 ina sehemu ya picha ndani yake: chomeka skrini, fanya kazi. Ryzen 5 5600 haina, na bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Basi usitazame bei ya prosesa peke yake. Jumlisha na ya kadi. Chunga pia herufi ya mwisho: i5-12400F haina picha, lakini Ryzen 5 5600G inayo.

Je, tayari una kadi, na ubao mama wa AM4 kama B450? Chukua Ryzen. Mara nyingi utasasisha BIOS na kubadilisha prosesa tu, ilhali Core itakudai ubao mpya wa LGA1700.

Ila ukianza mikono mitupu na huchezi gemu, sisi tunasema Core. Randi zinazobaki, nunua RAM.