Ukuta wa Pua Uliopinda Una Kesi Gani?

Kuna neno linalowatia watu hofu siku hizi: "umepinda." Mtu ana mafua yasiyokwisha, au kichwa kinamgonga juu ya macho. Anapigwa picha ya CT, na majibu yanarudi yakisema ukuta wa kati wa pua yake umepinda. Basi! Tangu siku hiyo ana ugonjwa wenye jina. Atawasimulia majirani, atachangisha fedha za kupasuliwa, na fedha zisipotimia atajiona amebeba msiba usoni. Mimi napinga. Kupinda peke yake si ugonjwa, na anayemtajia mgonjwa neno hilo kisha akanyamaza hamtendei haki.

Najua hoja yao, nayo si ya kijinga. Kuzunguka pua kuna vyumba vya hewa, jozi nne: mashavuni, kwenye paji, kati ya macho, na ndani kabisa nyuma ya pua. Kila kimoja kina njia yake nyembamba, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho husukuma kamasi kuelekea huko. Njia ikiziba, kamasi hutuama na uvimbe huanza. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale wanaporuka na kusema kwamba kila kinachoonekana kuibana njia hiyo ndicho mkosaji: ukuta uliopinda, au ule mkunjo wa kati ulioumbwa na hewa ndani yake kama puto, au kijichumba cha ziada chini ya jicho kilichopewa jina la Haller, mwanaanatomia Mswisi wa karne ya 18.

Mwaka 1991 Bolger na wenzake, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa picha za watu 202. Wengine walikuwa na dalili za vyumba vya hewa, wengine walipigwa picha kwa sababu nyingine kabisa. Karibu theluthi mbili walikuwa na tofauti ya namna fulani ya maumbile, na makundi yale mawili hayakupishana sana. Sasa niambie, msomaji, mwizi anayeonekana sawasawa kwenye nyumba iliyoibiwa na isiyoibiwa, utamfunga kwa ushahidi gani?

Na hicho kichwa kinachogonga? Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya Wamarekani 2,991 ambao wenyewe, au madaktari wao, waliamini kwamba kichwa chao kinaumizwa na vyumba vya hewa. Walipohojiwa kwa makini, asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Kipandauso! Ugonjwa ambao bibi zetu waliujua kwa jina, na una dawa zake. Kipandauso huweza kuleta kamasi jepesi na machozi, ndiyo maana kinasingiziwa pua. Mtu wa namna hiyo ukimnyoosha ukuta, atatoka na pua iliyonyooka na kichwa kilekile.

Wengine hulalamika kwamba tundu moja huziba, kisha jingine. Hilo nalo ni kawaida ya pua: hupokezana zamu kila baada ya saa chache, jambo aliloeleza Mjerumani Kayser tangu mwaka 1895. Ukuta uliopinda haupindi kulia asubuhi na kushoto jioni.

Nisije nikasingiziwa kuwa adui wa kisu. Majaribio mawili makubwa, la Uholanzi la mwaka 2019 na la Uingereza la mwaka 2023, yameonyesha kwamba mtu ambaye pua yake imeziba kweli kwa sababu ya ukuta hupumua vizuri zaidi akipasuliwa kuliko akitibiwa bila upasuaji. Lakini soma vizuri: ni pua iliyoziba. Si kila kichwa kinachouma.

Ugonjwa wa kudumu wa vyumba vya hewa una masharti yake: dalili za wiki 12 au zaidi, mojawapo ikiwa pua kuziba au kutoa uchafu, na uvimbe au usaha unaoonekana kwa kamera ya puani au kwenye picha. Hata hapo, kwa wengi tiba huanza kwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na dawa ya steroidi ya kupuliza, na si kwa siku mbili tatu. Ni tiba ya bei ndogo, na labda ndiyo sababu haiheshimiwi.

Maumbile hayo yana mwenyewe anayeyahitaji, naye ni mpasuaji. Kuna kijichumba cha nyuma kinachoitwa cha Onodi, ambacho hupakana na mshipa wa fahamu wa jicho; asiyekijua kabla ya kuingiza vyombo anaweza kumpofusha mtu. Kwake yeye picha ile ni ramani. Mgonjwa amesomewa ramani hiyo kama hukumu.