Nani Kasema Mchungaji Haulizwi?

Mwaka jana sikufanya mitihani ya muhula wa pili, na sababu yake ni mstari mmoja wa Zaburi. Sisemi hivyo kwa mzaha. Mama yangu alikuwa ameuza ndama wetu wa pekee ili anilipie karo. Kabla hajaituma pesa hiyo, alikwenda kwenye mkesha katika kanisa moja lililo karibu na soko letu. Huko akaambiwa kwamba mwenye haja kubwa apande mbegu kubwa, na Mungu atamrudishia mara mia. Mama akapanda karo yote. Mimi nikabaki hosteli nikiangalia simu kila saa, nikisubiri ujumbe wa pesa ambao haukufika.

Niliporudi nyumbani nilimfuata mchungaji baada ya ibada. Nilimwamkia kwa heshima, kisha nikamwuliza swali moja tu: kanisa linaweza kumrudishia mama hata nusu, ili nisipoteze mwaka? Mchungaji hakujibu. Aliyejibu ni mzee wa kanisa aliyesimama kando yake, tena kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kijana, usimguse mpakwa mafuta wa Bwana!" Watu wakaitikia amina. Mama aliinamisha kichwa, na njia nzima hakusema nami. Hakukasirika kwa sababu ya ndama. Alikasirika kwa sababu nilikuwa nimeuliza.

Ndama amekwenda, nami mwaka huu ninasoma tena, kwa hiyo sitaki kuandika juu ya ndama. Nataka kuandika juu ya lile jibu. Ninadai kwamba usemi huo, ambao karibu kila mlokole nchini Uganda anaujua kwa moyo, umegeuzwa kufuli la kufungia vinywa vya waumini, na kwamba Biblia yenyewe haisemi hivyo. Ninadai haya nikiwa Mkristo. Ninaamini, ninasali, ninatoa sadaka. Kwa sababu hiyo hasa siwezi kunyamaza.

Tuanze na maneno yenyewe. Maonyo ya kutowagusa masihi wa Mungu yamo katika Zaburi ya 105, mstari wa 15, na yamerudiwa katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 16. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba masihi maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta. Swali ni hili: masihi hao ni akina nani? Anayetaka jibu asiishie kwenye mstari mmoja, arudi nyuma mistari saba au minane. Atawakuta Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Atawakuta wakiwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakihama kutoka taifa hadi taifa. Na walioonywa wasiwaguse ni wafalme.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Zaburi inasema kwamba Mungu alisimama upande wa mgeni asiye na kitu, akamkemea mwenye enzi asimwonee. Leo mstari huohuo unatamkwa na mwenye kipaza sauti, mwenye gari na walinzi, dhidi ya mjane aliyeuza ndama. Kama kuna mtu katika kisa chetu anayefanana na Ibrahimu aliyehamahama, mtu huyo ni mama yangu, na aliyepaswa kuonywa asimguse ni mwingine.

Mwalimu wetu wa fasihi akiona tumenukuu mshororo mmoja tukaufasiri bila kuutazama ubeti wake, anatukata alama. Anatuuliza: nani anasema, anamwambia nani, katika hali gani? Sijui kwa nini ustadi huo tunauacha darasani kila Jumapili. Tena tukumbuke kwamba namba za sura na mistari hazikuandikwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton wa mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta mahali, lakini zimetuzoesha kukata Neno vipandevipande, kila mtu akaondoka na kipande kinachomfaa.

Wanaotetea usemi huu hukimbilia kisa cha Daudi na Sauli. Wanasema Daudi alikataa kumgusa mfalme aliyepakwa mafuta, ingawa mfalme huyo alikuwa anamwinda amwue. Ni kweli. Lakini someni sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza hadi mwisho. Alichokataa Daudi ni kuua. Hakukataa kusema. Alitoka pangoni, akamwita Sauli kwa sauti, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamwambia mbele ya askari wake kwamba anamtendea udhalimu na kwamba Mungu ndiye atakayeamua kati yao. Miaka ikapita, Daudi naye akawa mfalme aliyepakwa mafuta, akachukua mke wa mtu na kumwua mumewe. Nabii Nathani hakusema, "Huyu ni mtiwa mafuta, tumwombee tu." Alikwenda akamwambia kosa lake usoni.

Agano Jipya liko wazi zaidi. Paulo anaeleza katika Wagalatia, sura ya 2, jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana huko Antiokia, mbele ya watu. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, wanasifiwa kwa sababu walikuwa wakichunguza Maandiko kila siku waone kama mambo waliyoambiwa na Paulo ni kweli. Mtume mwenyewe alikaguliwa, na waliomkagua wakasifiwa! Na katika Timotheo wa Kwanza, sura ya 5, kuna utaratibu kamili: mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa yasipokewe ovyo, yawe na mashahidi wawili au watatu, lakini akithibitika kuwa na kosa akemewe mbele ya wote. Utaratibu huo unamlinda kiongozi na uzushi, na unawalinda waumini na kiongozi. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 2, unawaambia waumini wa kawaida kwamba wao pia wamepakwa mafuta na Mungu. Basi hata mama yangu ni mpakwa mafuta.

Kufuli la pili linatoka Mathayo sura ya 7, pale tunapokatazwa kuhukumu. Ukiuliza hesabu za sadaka, unaambiwa usihukumu. Lakini sura hiyohiyo inaendelea kusema tuondoe boriti katika jicho letu ili tuone vizuri tupate kukitoa kibanzi cha ndugu yetu, na baada ya mistari michache Yesu anatuonya tujihadhari na manabii wa uongo, ambao tutawatambua kwa matunda yao. Tutayatambuaje matunda ikiwa hata kuyatazama ni dhambi? Na ile mbegu ya kupandwa nayo imepotoshwa. Katika mfano wa mpanzi Yesu mwenyewe alifafanua, katika Luka sura ya 8, kwamba mbegu ni neno la Mungu. Hakusema ni karo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wachungaji wengi ni watu wema. Nakubali. Katekista aliyenifundisha utotoni alitembea kwa miguu vilima vitatu ili azike maskini, na hakupokea hata shilingi. Mtu kama huyo haogopi swali, kwa hiyo utetezi huu haumhusu. Nitaambiwa pia kwamba vijana wa vyuo tunapenda kuonyesha kuwa tumesoma. Labda. Lakini mimi natoka Kigezi, na kwetu jambo hili si mjadala wa darasani.

Tarehe 17 Machi 2000, kabla sijazaliwa, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu. Walikuwa wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba zilizotumiwa na viongozi wake. Watu hao waliuza mali zao, wakaambiwa dunia itakwisha mwaka 1999 utakapofika tamati. Jambo moja katika simulizi zao halinitoki akilini: waliishi kwa kunyamaza, wakawasiliana kwa ishara za mikono, eti ili wasitende dhambi kwa ulimi. Mtu asiyeruhusiwa kusema ataulizaje? Wala msidhani tumekwisha kujifunza. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Wengine wanasema dawa ni serikali. Majirani zetu wa Rwanda walipitisha sheria mwaka 2018 inayodai elimu ya dini ya chuo kikuu kwa viongozi wa makanisa. Silipingi wazo la mchungaji kusoma. Lakini miongoni mwa viongozi wa Kanungu alikuwamo padri aliyesoma hadi Marekani. Shahada yake haikumwokoa mtu. Sheria inaweza kufunga mlango wa kanisa leo, na kesho mkesha ukahamia chini ya mwembe. Kinga iliyo karibu zaidi ni muumini anayejua kusoma sura nzima na asiyeona haya kuuliza.

Na hilo si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1880, watu wa Buganda waliofuata dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja. Wengi wao walianza na vitabu vya Kiswahili, kabla Biblia nzima haijapatikana kwa Kiganda mwaka 1896. Kila tarehe 3 Juni tunamiminika Namugongo, wengine kwa miguu, kuwakumbuka vijana waliochomwa mwaka 1886. Vijana wale walithubutu kumkatalia Kabaka, mtu ambaye neno lake lilikuwa sheria. Sisi tunaowaenzi kwa nyimbo na maandamano tunashindwa kumwuliza mchungaji zilikokwenda pesa.

Wanafunzi wenzangu, siwaombi mwache kanisa. Nawaomba mwende na Biblia, mfungue pale anaposoma mhubiri, msome juu na chini ya mstari wake. Mkiambiwa Mungu amesema, ulizeni amesema wapi, amemwambia nani. Ulizeni kwa adabu, na mashahidi wawili au watatu wawepo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza si uasi.

Likizo iliyopita nilimwomba mama tusome Zaburi ya 105 pamoja, katika Biblia yake ya Kinyankore-Kikiga. Alisoma yeye, polepole, kidole kikifuata maneno, tangu mwanzo. Alipofika mstari wa 15 alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena. "Kumbe hawa walikuwa wageni," akasema, "hawana hata shamba." Nilinyamaza. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kulekule, na sikumzuia. Lakini nilimwona akirudi ndani kuchukua miwani yake.