Swali la Mwanafunzi wa Mweka Laendelea Kuishi katika Fizikia ya Kwantamu

Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa mji wa Moshi, kinafahamika zaidi kwa kuandaa wahifadhi. Hata hivyo, jina la chuo hicho limo pia katika historia ya fizikia.

Mwaka 1969, Erasto Mpemba, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Mweka, alichapisha makala katika jarida la Physics Education kwa kushirikiana na mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Makala hiyo ilieleza jambo ambalo Mpemba aliligundua mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wakati wa kutengeneza aisikrimu, maziwa aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa bado ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Osborne swali hilohilo na wenzake wakamcheka. Osborne hakulipuuza, aliporejea Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike, kisha akamwalika kijana huyo waandike pamoja.

Kuhusu maji, wanasayansi hawajaafikiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitilia shaka ushahidi uliopo. Lakini mwaka 2020 watafiti nchini Kanada walithibitisha tukio la aina hiyo kwa chembe ndogo zilizomo ndani ya maji, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha ushahidi wa "athari ya Mpemba ya kwantamu" kwa kutumia ayoni 12. Katika jaribio hilo, mfumo uliokuwa mbali zaidi na ulinganifu uliurejea mapema kuliko uliokuwa karibu.

Funzo kwa taifa liko wazi. Katika kipindi hiki ambapo Serikali inatekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inayosisitiza ujuzi, maabara na vifaa ni vya lazima, lakini havitoshi. Uongozi wa kitaaluma huanzia kwa mwalimu anayethubutu kusema "tujaribu tuone". Bila msikilizaji wa namna hiyo, swali la Mpemba lingeishia darasani, likizimwa na kicheko.