Mcheza kwao atunzwe, hata wimbo ukiwa wa bure

Siku ya Krismasi mwaka 2015, kundi la roki la Radiohead la Uingereza liliweka mtandaoni wimbo mpya bila kutangaza mapema na bila kudai hata senti. Wimbo huo, "Spectre", uliandikwa kwa ajili ya filamu ya James Bond iliyotoka mwaka huo, lakini watengenezaji wa filamu wakachagua wimbo wa Sam Smith. Radiohead wakaamua kuwapa wapenzi wao kama zawadi ya sikukuu, na wapenzi wakashangilia.

Hapa Bujumbura zawadi ya aina hiyo hutolewa mara kwa mara, wala haishangiliwi. Msanii kijana wa Buyenzi au Kinama hulipia studio kwa fedha zake, huweka wimbo YouTube, huusambaza kwa WhatsApp, kisha huzunguka redioni akiomba upigwe. Ukipendwa, baada ya siku chache unasikika ndani ya mabasi, saluni na baa. Baa inauza vinywaji, kampuni ya simu inauza bando, na mwenye kibanda anayejaza nyimbo kwenye simu za wateja anapata chake. Mwenye wimbo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Tofauti hapa si kipaji. Radiohead walipotoa "Spectre" walikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kuuza albamu na kujaza kumbi. Hata mwaka 2007, walipomwachia mnunuzi ajipangie bei ya albamu yao "In Rainbows", walikuwa na njia nyingine za kupata riziki. Zawadi ni zawadi pale mtoaji anapoweza kuuza, naye akachagua kutoa. Asiye na pa kuuza hatoi zawadi. Ananyang'anywa kwa adabu.

Tunajua pia kipaji cha Burundi kinaweza kufika wapi kikipata soko. Jean-Pierre Nimbona, Kidum, alikimbia vita miaka ya 1990 akajenga jina lake Nairobi. Aliimba "Haturudi Nyuma" na Juliana Kanyomozi wa Uganda, na "Nitafanya" na Lady Jaydee wa Tanzania. Nyimbo hizo za Kiswahili zilivuka mipaka bila kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Lakini haifai kila kijana mwenye sauti alazimike kuhama ndipo ale jasho lake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Sheria hazikosekani. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2005, na ina ofisi ya hakimiliki, OBDA. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika ibara ya 43 zishirikiane kulinda haki za ubunifu. Kinachokosekana ni ukusanyaji.

Wapo watakaosema nchi yetu ni maskini mno kudai malipo ya muziki. Hatukubali. Amri ya Oktoba 2017 iliweka ada ya faranga 500,000 kwa maonyesho ya ngoma zetu za kifalme, zilizoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Kama ada hiyo ni haki kwa wapiga ngoma ni mjadala mwingine. Lakini ikiwa fedha ya utamaduni inaweza kutozwa kwa ajili ya hazina ya serikali, inaweza pia kukusanywa kwa ajili ya msanii.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, redio, hoteli na baa zilipe kiasi kidogo kulingana na kipato chao, na OBDA itangaze hadharani kila mwaka imekusanya kiasi gani na imemlipa nani. Pili, OBDA, COSOTA ya Tanzania, KECOBO ya Kenya na ofisi wenza katika Jumuiya ziafikiane, ili wimbo wa Bujumbura ukipigwa Mwanza au Kisumu, mwenyewe apate haki yake hapa, na wa huko vilevile. Tatu, benki na kampuni za simu zirahisishe malipo madogo kuvuka mpaka, maana wimbo hupita Kobero bila pasipoti lakini fedha yake hukwama.

Wapo wasanii wanaoona kutoa bure ndiyo njia ya kujulikana, na ni haki yao. Waendelee, ila iwe kwa hiari. Siku msanii wa Buyenzi atakapoweza kuuza wimbo wake kutoka Bujumbura hadi Mombasa, halafu akaamua kutupa mmoja bure siku ya sikukuu, tutaupokea kama zawadi na kumshukuru. Hadi siku hiyo, tunaposikiliza bure tujue kwamba tuna deni.