Nusu ikisamehewa, nusu ilipwe

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, banki zilifunga milango na pesa za wakaaji zikabaki ndani. Kaye za madeni zikajaa. Mwenye depo anamdai mwenye butike, mwenye butike anamdai mwalimu, na mwalimu anangojea mshahara wake. Kati ya Waislamu wa miji hii, swali linarudi kila siku: nani asamehewe, nani alipe?

Kurani, sura ya Baqara aya ya 280, inaagiza mwenye deni aliyebanwa angojewe mpaka apate nafuu, na inasema kumwachia deni hilo kama sadaka ni bora zaidi. Aya hiyo inajulikana sana, hasa na wenye kudaiwa. Kinachosahaulika ni kwamba Mtume huyohuyo aliyeifundisha aliita dhuluma tendo la mwenye uwezo kuchelewesha deni.

Kuna kisa katika hadithi za Bukhari ambacho kinaweka mambo haya mawili pamoja. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti wa Madina. Sauti zikapanda mpaka Mtume akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akafungua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akakubali palepale. Ndipo Mtume akamgeukia mwenye deni na kumwambia asimame alipe. Hakumpa mwezi mwingine wa kufikiri. Huruma ya Kaab ilikuwa imefungua njia ya malipo, si njia ya kukimbia.

Katika Goma, mchuuzi ambaye akiba yake yote imefungiwa banki amebanwa kweli, na kumsumbua mbele ya watoto wake ni kumwonea. Lakini yuko mwingine anayesema «banki imefungwa» na huku mizigo yake mipya inashushwa kila wiki. Huyo hana haki ya kujificha nyuma ya aya ya 280. Jirani zake wanamjua, hata kama wananyamaza.

Mdai naye ana makosa yake. Kuna anayeletewa kidogo na kukikataa, akitaka yote mara moja, kisha anazunguka mtaa akilalamika kwamba halipwi. Kuna aliyekopesha dola na analetewa franka, naye anajipangia bei ya kubadilisha. Jambo hili si geni: Ibn Umar aliuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, na akaruhusiwa kwa sharti kwamba wahesabu kwa bei ya siku hiyo na waachane bila kubakiziana kitu.

Kuongeza pesa juu ya deni kwa sababu muda umepita ni riba, hata kama anayeongeza anasali safu ya mbele. Ndiyo kazi ya Banki Lambert, mikopo ile ya mtaani ambayo imeuzisha watu viwanja vyao. Mwenye deni akilipa na kuongeza zawadi kwa moyo wake, bila mapatano ya mbele, hiyo ni halali. Mtume aliazima ngamia akarudisha aliye bora kuliko yule.

Tena wenye madeni wana fungu lao katika zaka, kwa aya ya 60 ya sura ya Tawba. Kamati za misikiti zinazogawa unga na mchele zingeweza pia kumlipia mjane deni lake la depo. Pengine lingemsaidia kuliko kilo tano za mchele.

Na anayesamehe aandike. Aya ya 282 inataka deni liandikwe mbele ya mashahidi. Msamaha nao unahitaji kalamu. Mdai akifuta jina kwa mdomo tu kisha akafa, watoto wake watafungua kaye na kulikuta deni bado limesimama, na hawatajua kwamba baba yao alishaliacha.