Mashine ndogo ya kukereza mbao: Hesabu miguu ya meza kabla ya kutoa fedha

KUFIKIA mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Mwaka huo huo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, ulianza kuzalisha. Swali lililobaki ni la kiuchumi: mwananchi aliyekwisha kuwasha taa ataufanyia nini umeme huo ili umrudishie fedha?

Wengi wamejibu kwa mashine za kusaga, kuchomelea vyuma na useremala. Maseremala wengi wa vijijini ni wakulima pia, ambao hushika randa jembe linapopumzika. Hao ndio wanaotazama kwa hamu mashine ndogo za kukereza mbao, zile zinazozungusha gogo ili patasi ilichonge liwe la mviringo. Kwa mashine hiyo hupatikana miguu ya meza na vitanda, nguzo za ngazi, bakuli, michi na visukumio vya chapati.

Kukereza si kazi ngeni kwetu. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa keezo la mkono karne nyingi kabla ya umeme. Kilicho kigeni ni mashine yenyewe, ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mahitaji tofauti na ya fundi wetu. Hapo ndipo fedha ya mbolea inapoweza kupotea.

Urefu kwanza

Mashine hizi huuzwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni unene wa kipande kinachoweza kuzunguka bila kugusa reli ya chini. Cha pili ni urefu kati ya ncha mbili zinazoshika mbao. Mashine ndogo iliyoenea sana ni ya inchi 10 kwa inchi 18. Ilikusudiwa watu wa Ulaya na Marekani wanaokereza kalamu na bakuli kama burudani baada ya kazi.

Fundi wetu soko lake ni miguu. Mguu wa meza ya kawaida ni kama inchi 28, na nguzo ya ngazi huwa ndefu zaidi. Kwa hiyo mashine ya inchi 18 itamtengenezea mguu wa kigoda, lakini ule wa meza hautaingia. Baadhi ya mashine zina kipande cha kurefusha reli kinachouzwa peke yake. Muulize muuzaji kama anacho dukani, na bei yake uijumlishe kwenye bei ya mashine. Asipokuwa nacho, hesabu kwamba umenunua mashine ya bakuli.

Angalia pia uzito. Reli ya chuma cha kusubu hutulia, ilhali ile ya bomba mbili nyembamba hutetemeka, na mtetemo huo huacha mikwaruzo ambayo msasa hauimalizi. Mashine nyepesi ni rahisi kubeba kwenye bodaboda, lakini hiyo si sifa ya mashine ya kukereza.

Soma kibao cha mota

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, mizunguko 50, njia moja. Maneno hayo yatafute kwenye kibao cha mota kabla ya kitu kingine chochote, hasa ukinunua mtumba.

Mashine ya Marekani hutumia volti 110 hadi 120 na mizunguko 60. Muuzaji atakwambia ununue transfoma. Transfoma hubadilisha volti tu, mizunguko haiguswi. Mota ya kawaida ya mizunguko 60 ikiwekwa kwenye 50 hupungua kasi kwa karibu asilimia 17, na isipopunguziwa volti hupata moto kupita kiasi. Nayo mashine iliyotoka karakana ya Ulaya huenda ikataka umeme wa njia tatu, ambao ni maombi mengine na gharama nyingine.

Kuhusu kasi, mafundi wana kanuni rahisi: unene wa kipande kwa inchi, ukizidishwa kwa mizunguko ya mashine kwa dakika, upate kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3 unataka mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900. Mashine isiyoshuka chini ya 900 usiitumie kwa bakuli kubwa, kwani kipande kinaweza kung'oka na kukupiga usoni.

Mashine nyingine hubadilisha kasi kwa kitufe cha kielektroniki, nyingine kwa kuhamisha mkanda. Kitufe ni raha, lakini umeme ukipanda na kushuka huweza kuharibu kadi yake, na kadi hiyo haipatikani gulioni. Mkanda unabadilishwa na yeyote, na mota ya kawaida husukwa upya na mafundi wa mjini. Kwa fundi wa kijijini, mkanda ndio chaguo salama.

Bili inayojificha

Gharama ambayo wengi hawaihesabu ni ya LUKU. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi alipangiwa sh 100 kwa uniti. Mteja wa matumizi ya kawaida alipangiwa sh 292. Zote ni kabla ya kodi na tozo.

Tuchukue kaya inayotumia uniti 60, ambayo hulipa sh 6,000. Inanunua mashine ya nguvu farasi 1, ambayo ikifanya kazi kwa nguvu zote hula karibu uniti moja kwa saa. Saa 30 kwa mwezi ni uniti 30. Jumla sasa ni 90, na kaya ikihamishiwa kundi la juu italipa sh 26,280. Uniti 30 za mashine zimeongeza sh 20,280, kwa sababu zimepandisha bei ya taa, redio na pasi pia. Ukiweka VAT ya asilimia 18 na tozo za EWURA na REA, ongezeko linakaribia sh 25,000.

Sasa tupige hesabu nzima kwa mfano, ambao kila mmoja aujaze bei za kwao. Mashine, seti ya patasi, kinoo cha umeme na miwani ya kukinga macho vimekugharimu sh milioni 1.5, na unategemea vidumu miaka mitano. Hiyo ni sh 25,000 kwa mwezi. Ongeza umeme sh 25,000, na msasa pamoja na mikanda sh 10,000. Jumla ni sh 60,000.

Kama mwenye mashine mjini hukukerezea mguu kwa sh 2,000, unahitaji miguu 30 kila mwezi ili tu ulingane naye, na hapo jasho lako hujalilipa. Hiyo ni karibu meza nane kwa mwezi, au meza 90 kwa mwaka.

Na hesabu iwe ya mwaka. Vijijini samani hununuliwa mazao yakishauzwa. Fundi anayepata oda 15 baada ya mavuno huona mashine inamlipa, akasahau kwamba kuanzia Desemba hadi Machi wateja wake wananunua mbegu na mbolea, na yeye pia. Chukua daftari la oda za miezi 12 iliyopita, gawanya kwa 12, ndipo uamue.

Nani anunue?

Mwenye oda za kutosha anunue, achague mashine ndefu, nzito, ya mkanda, yenye kibao kinacholingana na umeme wetu. Mwenye nusu ya oda hizo atafute wenzake wawili wanunue moja, waiweke kwenye karakana ambayo tayari iko kundi la juu la bei, ili bili isipande kwa kaya tatu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA ni mahali pa kuuliza kabla ya kukopa.

Mwenye oda chache aendelee kumlipa wa mjini sh 2,000 zake bila aibu. Anapofanya hivyo, uchakavu wa mashine, bili ya umeme na miezi ya ukame wa wateja vinabaki kuwa mzigo wa mwingine, na fedha yake inabaki shambani ambako anaijua faida yake.