Fomu ndani ya fomu: msisingizie mtandao!

Jamani, wikiendi nilikuwa nyumbani Chole, Kisarawe, najaza fomu ya maombi kwa simu. Kikafunguka kidirisha cha kuongeza mdhamini. Kubonyeza tu "Hifadhi", fomu nzima ikaondoka nusunusu, na kurekebisha hairuhusiwi! Kuuliza, eti "mtandao wa kijijini".

Mtandao gani? Kanuni za HTML zinakataza fomu ndani ya fomu. Kivinjari kinaipuuza ya ndani, kitufe chake kinatuma ile kubwa. Dawa: fomu ya kidirisha iandikwe nje ya kubwa, hata kama kwenye skrini inatokea juu yake.

Sie walimu watarajiwa tukikosea ubaoni, tunafuta. Nyie mafundi mbona mnamlaumu mwanakijiji?

Haya, nawahi lekcha.